Ndoo ya Mzee Matonya

Daftari la vipimo la marehemu Mzee Matonya lilikuwa liondolewe kwenye takwimu za mradi Ijumaa, na aliyetakiwa kuliondoa ni bintiye mwenyewe, Penina. Makubwa hayo! Mgogo aliyekulia kwenye vumbi akaajiriwa kwenye meli ya utafiti, miaka minane akateka maji ya bahari kwa ndoo na kuyapima joto. Leo bintiye, mtafiti pale chuoni Chimwaga, anaambiwa vipimo vya baba havifai.

"Viko chini kwa nusu nyuzi joto, kila siku," alisema Ambokile, mkuu wa mradi. "Tukiviacha, bahari ya wakati ule itaonekana baridi mno, kama kwamba tangu hapo imeongezeka joto kuliko ilivyoongezeka kweli. Bila sababu ya kueleweka, havibaki."

"Baba hakuwa mzembe!" Penina alifoka. Lakini sababu hakuwa nayo.

Alhamisi akaenda mtaa wa Chang'ombe, mjini hapohapo, kwa mama yake. Jua lilikuwa kali, koo limemkauka. Baada ya shikamoo tu, akakinga ndoo bombani, akachovya kikombe. Mama akamdaka mkono.

"We! Yaache yatulie kwanza. Umesahau baba yako?"

Angesahau vipi? Utotoni mzee alikunywa maji ya kuchimba kwenye mchanga wa korongo, yenye tope, na hata bomba lilipofika aliwapanga watoto mbele ya ndoo, kimya, mpaka aseme "haya." Walivyokuwa wakimcheka! Penina alicheka tena, halafu akakiweka kikombe chini.

"Mama, na kule melini?"

"Kwani aliacha? Dakika kumi kila ndoo, wenzake walimtania mpaka akastaafu. Alisema maji hayapimwi yakiwa bado yanahangaika."

Penina akatoa kipimajoto mkobani, akapima, akaiweka ndoo barazani penye upepo. Dakika kumi tu, maji yakawa yamepoa. Alitamani kupiga kelele.

Ijumaa asubuhi Ambokile alipiga hesabu mwenyewe: ndoo kama ile ya melini, upepo wa baharini, dakika kumi. Ikaja nusu nyuzi.

"Tunaongeza nusu kila mstari," akasema. "Daftari la mzee linabaki."

Kwenye nafasi ya maelezo Penina akaandika: Mpimaji alisubiri maji yatulie.

Jioni, kwake Area D, akakinga maji, akaketi mbele ya ndoo, kimya. Yalitulia zamani. Bado alisubiri, na hakuna aliyesema "haya." Akalia weee, ndipo akanywa.