Kuku wa Kupaka Jabal Shams

Kabla ya adhana ya Alfajiri, sauti pekee nyumbani kwangu ilikuwa ya mbuzi, khru, khru, nikikuna nazi. Nilikuna polepole. Nyumba zetu za Hamriya, hapa Maskati, zina kuta nyembamba, na chini yangu anakaa Violeth, binti wa Kitanzania anayeshona kwenye duka la mabaibui, ambaye Ijumaa ndiyo siku yake ya pekee ya kulala. Nilipofika nazi ya pili akagonga mlango. Nikamwomba radhi. Akaninyanyua, akaikalia mbuzi mwenyewe, akakuna zilizobaki huku macho yamemfumba kwa usingizi. Kisha akashuka kwake. Hata chai hakutaka.

Nilikuwa napika kuku wa kupaka wa watu watano, na safari hii nilijua kwamba watu hao watano tutakuwa pamoja.

Mwanangu Marwan alipohamia Ansab, nje ya mji, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe, tulikubaliana kwamba Ijumaa ni yangu. Kila Alhamisi jioni akipiga simu kuuliza, "Mama, kesho tuje?" Nami nikimjibu kama mama yangu alivyokuwa akijibu Unguja: "Msijisumbue, baba. Kama mna nafasi." Kwetu ndivyo isemwavyo. Mtu mwenye adabu hambani mwenziwe, hata huyo mwenziwe awe mtoto aliyemzaa. Husema msijisumbue, kisha huenda akabandika sufuria kubwa.

Mwanzo walikuja. Baadaye wakawa wanakuja Ijumaa moja na kuruka moja. Halafu wakaacha, na zile simu za Alhamisi zikawa fupi. Sasa ilikuwa wiki ya saba. Kila Ijumaa nilipika, nikatandika mkeka, nikakaa dirishani mpaka Alasiri. Tena nikagawa chakula kwa majirani, nikala changu jikoni nimesimama, maana kukaa peke yangu kwenye mkeka wa watu watano nilikuwa siwezi. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, Ijumaa zangu zirudi. Na nilikuwa nataka zirudi bila ya mimi kusema.

Alhamisi hiyo, Januari ya mwaka 2005, Marwan alipiga simu na hakuuliza kama waje. Aliniambia thalji imeanguka Jabal Shams, theluji ya kweli, ujumbe umefika kwenye simu za watu wote na Maskati nzima inapanda mlima kuichezea. Nyuma yake niliwasikia watoto wakiruka. Kabla hajaniaga nikasema, "Nami nakuja. Chakula ntaleta mimi."

Nikasikia anamuuliza kitu mkewe, Muhsina, mkono umefunika simu. Kisha akasema, "Karibu, mama. Saa kumi na mbili tutakupitia."

Usiku huo nililala vizuri. Nilijiambia wakishamwonja kuku wangu, Ijumaa watazikumbuka wenyewe.

Njiani niliwekwa kiti cha nyuma, kati ya wajukuu wangu wawili, sufuria mapajani, nimeifunga kwa kanga mbili ili isipoe. Rawan, mwenye miaka kumi na nne, aliziba masikio yake kwa muziki toka Maskati mpaka Nizwa. Simlaumu. Tulipopita kwenye mashimo aliweka mkono wake juu ya kifuniko, ukakaa hapo njia nzima, bila kunitazama. Thani, wa miaka minane, alilala begani kwangu. Nilipomsemesha kwa Kiswahili alinielewa, akanijibu kwa Kiarabu. Nilikumbuka kwamba zamani, Ijumaa, alikuwa ananijibu kwa Kiswahili.

Baada ya Nizwa lami iliisha na gari likaanza kupanda mawe. Magari mbele yetu yalikuwa mstari mmoja, kama watu wanaokwenda harusini. Masikio yaliniziba. Muhsina aligeuka, akavua glavu zake, akanivisha mimi moja baada ya moja, kama mtu anavyomvisha mtoto. Nikamwambia asijisumbue. Akaanza kuzivua tena, kisha akaona mikono yangu ilivyokuwa ya baridi, akaziacha.

Theluji yenyewe haikuwa nyingi. Ilikaa kwenye vivuli vya mawe na chini ya miti, kama unga uliomwagika. Lakini watu! Mabwana wazima wa maofisini waliikwangua kwa sahani na kwa vizoleo vya taka, wakaijaza juu ya magari yao ili waende nayo mjini. Wengine walijenga sanamu la theluji juu ya boneti ya gari, wakalivisha kofia na kilemba. Watoto waliteremka kilimani wamekalia masinia. Marwan, ambaye ofisini kwake watu husimama akipita, alikalia kifuniko cha boksi la barafu, akateleza huku kanzu imempanda magotini, akaanguka, akacheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimemwona akicheka vile tangu alipofariki baba yake. Nilisimama kando ya gari nikimtazama. Nilifurahi. Na nilikuwa peke yangu kabisa, kwa sababu theluji ile ilitaka miguu, na miguu yangu haikubali mawe.

Nikaona kazi yangu ni chakula. Nilitandika mkeka kando ya ukuta mmoja wa mawe, penye jua, nikazifungua kanga, nikafunua sufuria.

Tui lilikuwa limeganda. Lile rojo zuri la manjano lilikuwa limefunikwa na tabaka jeupe, gumu, na mapaja ya kuku yamejichomoza juu yake kama mawe ya mle mlimani. Wali nao ulikatika vipande. Ningepaswa kujua. Mafuta yangu ya nazi ya nywele huganda kila Januari hapo hapo Hamriya, sembuse huku juu. Lakini sisi tuliotoka Zanzibar, mandari yetu ni sufuria iliyopikwa nyumbani na kufungwa vizuri, tukifika tunapakua. Wenyeji wa bara ya Oman hupeleka nyama mbichi na makaa, wakapika huko huko. Niliwaona pande zote, moshi unafuka, wanageuza mishikaki. Miaka thelathini naishi nao na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Thani alikuja mbio, akachungulia. "Bibi, thalji imeingia mpaka kwenye sufuria."

Wote walicheka, nami nikacheka. Muhsina alichukua kijiko, akajaribu kwa ajili yangu, akameza. Niliona ilivyomkwama kooni. Rawan alisema hana njaa. Marwan aliitwa na wenzake wa kazini waliokuwa na jiko, akanisihi twende sote, lakini ilibidi kupanda mawe. Nikasema nendeni, msijisumbue na mimi. Walikwenda. Baada ya muda Thani alitumwa na sahani ya mishikaki ya moto, zawadi yangu, akarudi kuteleza. Nilikaa na ile sahani ya watu na sufuria yangu iliyojaa.

Upande wa pili wa ukuta alikuwapo mama mmoja wa pale mlimani, mkongwe kama mimi, ametandaza mazulia madogo ya manyoya ya mbuzi anayofuma na kuwauzia wageni. Alikuwa amenitazama muda mrefu. Akaniuliza kwa Kiarabu chao cha mlimani kama mimi ni wa Zanzibar. Nikamuuliza amejuaje.

"Chakula chako kimekuja kimevaa nguo," alisema, akizinyooshea kidole kanga zangu. "Kimevaa vizuri kuliko wewe."

Akasimama, akaibeba sufuria bila kuniomba, akaniashiria nimfuate. Nyuma ya ukuta palikuwa na kijumba cha mawe na moto wa kuni katikati. Alinipisha kwenye ngozi aliyokuwa akiikalia, yeye akakaa chini. Jina lake Bakhita. Aliibandika sufuria, na kidogo kidogo lile jeupe likayeyuka, likaanza kutokota, na harufu ya jikoni kwangu ikajaa kijumbani. Alikula kwa mkono, akanyonya mfupa, akaniuliza ni mnyama gani anayetoa maziwa haya. Nikamweleza kwamba ni mti. Akanitazama kuona kama namfanyia mzaha, kisha akaongeza tonge.

Tulizungumza, Kiarabu changu kibovu na chake kigeni kwangu. Alinisimulia kwamba theluji ikianguka watu huja mamia kwa mamia, wakapiga picha, wakanunua zulia moja moja, na ikiyeyuka njia huwa tupu, hata mbwa hapiti. Mwanawe mmoja yuko Maskati, dereva. Nikamuuliza kama huja.

"Huja nikimwita," alisema. "Kila nikimwona mtu mwenye simu namwomba ampigie. Nasema, mwambie mwanangu, mama yako anasema njoo. Mara nyingine haji. Mara nyingine anakuja."

Nikamwambia kwetu hatuiti. Tunasema msijisumbue, na tunapika.

Bakhita aliacha kutafuna. "Na yeye atajuaje kwamba unamtaka?"

Nilitaka kumwambia kwamba mtoto hujua, kwamba mimi nilijua kwa mama yangu. Lakini nilijua kwa sababu nilikuwa naishi nyumba moja naye, nikiona sufuria inavyobandikwa. Marwan alikuwa Ansab. Yeye alichopata ni lile neno tu, kwenye simu, kila Alhamisi, miezi na miezi. Nilihisi moto usoni, na haukuwa wa zile kuni.

Marwan alikuja kunitafuta saa nane. Aliinama mlangoni, akamwamkia Bakhita, akasimama akinusa. Bakhita alimpakulia bila kumuuliza. Alikula amechuchumaa, kwanza kwa haraka, kisha polepole. Alikwangua sahani yake kwa kidole kama alivyokuwa akifanya udogoni, akajiona, akauficha mkono wake. Bakhita alinitazama kwa jicho la pembeni, nami nikatazama motoni. Ingekuwa wakati mzuri wa kusema. Sikusema.

Nilimwachia Bakhita kilichobaki, na kanga moja ya kufungia. Aliniambia nisingoje theluji ndipo nirudi. Nilimwahidi, ingawa sote wawili tuliiona miguu yangu.

Njia ya kurudi watoto walilala. Theluji ambayo Thani aliiweka kwenye mfuko wa plastiki ikawa maji, akalia kidogo, Rawan akamfuta machozi. Mimi nililirudia moyoni lile neno la Bakhita, njoo, toka mlimani mpaka mjini. Ni neno dogo, lakini katika umri wangu wote sikuwahi kulisema kwa mtu. Niliogopa. Nikisema msijisumbue na wasije, naweza kujiambia walikosa nafasi. Nikisema njooni na wasije, sitakuwa na la kujiambia.

Magharibi tulifika Hamriya. Marwan alinishika mkono kwenye ngazi, mpaka mlangoni, akaniwekea sufuria jikoni. Nyumba ilikuwa kama nilivyoiacha, mbuzi katikati ya sakafu. Alisimama akipapasa funguo.

"Umechoka, mama. Safari ndefu ile. Siku nyingine usijisumbue."

Hapo nikaona kwamba neno hilo nimemfundisha mimi.

"Marwan," nikasema, "hizi wiki saba, kwa nini hamji?"

Alishangaa kweli. Alisema kila akiuliza namwambia wasijisumbue. Alisema aliona nimechoka na kelele za watoto, na Muhsina alimwambia wasinilemee, tangu nilipougua mgongo mwezi wa Ramadhani. Alisema ilimuuma, lakini hakutaka kunilazimisha.

Nikakaa kwenye kiti cha jikoni. Sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka.

"Sikuchoka nanyi. Nnataka mje. Hata msiponipigia simu, hata nikisema msijisumbue, njooni. Kila Ijumaa nnapika, na nnakula peke yangu nimesimama."

Aliziweka funguo mezani, akaiokota mbuzi sakafuni, akaikunja, akaisimamisha ukutani mahali pake. Chini gari lilikuwa linangoja, watoto wamelala ndani. Nilijua lazima aende. Alipozichukua tena funguo nilimfuata mpaka juu ya ngazi, nikamshika mkono wa kanzu.

"Ijumaa ijayo mje," nikamwambia. "Na Ijumaa ya pili yake, mje tena."