Bega la Mugeta

Mchungaji Fred alilala chali juu ya mbao za mninga, akanyoosha miguu, kisha akajiinua na kupiga mstari wa penseli pale visigino vilipoishia. Ndivyo alivyompima marehemu kaka yake. Simu ilikuwa imetoka hospitali huko Bunda asubuhi ile, na hakuona haja ya kuuliza urefu. Utotoni yeye na Mugeta walivaa suruali moja kwa zamu, na hata ndevu zilipowaota hakuna aliyempita mwenzake.

Pale Makoko, alikoishi, walisema fundi huyu anakutengenezea jeneza na kukuombea ukiwa ndani yake. Kazi zote mbili alizifanya kwa moyo mmoja, na zote zilimrudisha kwenye nyumba ambayo, tangu mkewe afariki, hakuna aliyekohoa ndani yake ila yeye.

Baba yao alipokufa, miaka thelathini na moja iliyopita, Fred alikuwa mwinjilisti kijana mwenye moto. Alifika kwao Butiama akakataa kuingia bomani, kwa kuwa wazee walikuwa wakizika kimila. Mugeta alimfuata barabarani, akamtazama, akarudi ndani. Tangu hapo walisalimiana kwa simu siku za sikukuu, kama watu waliowahi kufanya kibarua pamoja. Hata hivyo, ni Mugeta peke yake aliyeendelea kumwita Nyamhanga, jina la nyumbani.

Siku ya maziko, gari la kanisa lilimfikisha Butiama pamoja na kwaya na jeneza. Mwili ulikuwa sebuleni, umelazwa ubavu wa kulia, mkono chini ya sikio. Bhoke, mjane, alimpokea.

"Shemeji, mwenyewe aliagiza. Alisema mnilaze kama baba, na sanduku atengeneze Nyamhanga."

Walipomwingiza, kifuniko kikagoma. Kilikaa juu ya bega kama mlango uliozuiwa kwa mguu. Miaka yote ile ya kulaza watu chali ilikuwa imemsahaulisha Fred namna watu wa kwao wanavyolala. Alipima urefu, akasahau bega.

Mzee Masatu, baba yao mdogo, alizunguka jeneza akiegemea fimbo. "Mchungaji," alisema, "umeleta sanduku la mtu wa kuhesabu mabati ya paa. Sisi hatulalagi hivyo."

Watu wakacheka chini kwa chini.

Dafroza, mzee wa kanisa, akamsogelea na kumnong'oneza. "Mgeuze tu awe chali, tuombe tuondoke. Nyegina ulifunga Biblia ukaacha kaburi la watu kwa jambo hili hili. Tutawaambia nini?"

Hilo lilikuwa kweli. Mjane wa Nyegina hakukanyaga tena kanisani. Na Fred alijua kwamba akikubali leo, habari zingefika Makoko kabla yake, na huenda madhabahu yake ingepata mtu mwingine.

Kumgeuza marehemu ni kazi ya msukumo mmoja. Akaweka mkono juu ya bega. Lilikuwa limekonda, mfupa mtupu, kama la kijana yule aliyevaa naye suruali moja kwa zamu. Mkono ukabaki pale, hausukumi.

"Shemeji, kuna mbao?" aliuliza.

Bhoke alimpeleka stoo. Pale ukutani palisimama mbao za kitanda, hazijaungwa, bado zina kamba za safari. Ni kitanda alichokitengeneza mwenyewe na kumtumia Mugeta miaka sita nyuma.

"Alikataza wengine wasikifunge," Bhoke alisema. "Alisemaga fundi wake atakuja kukifunga mwenyewe. Tulilalaga chini, tunakungoja."

Fred alihangaika na fundo la kamba muda mrefu, na fundo halikuwa gumu.

Akatoa msumeno kwenye gari, akakata mbavu za kitanda, akainua kuta za jeneza kwa upana wa kiganja. Alipopiga msumari wa kwanza, Dafroza alirudi garini. Alipopiga wa mwisho, kwaya nzima ilikuwa imemfuata. Kifuniko kikafunga.

Kaburini aliomba peke yake. Wazee hawakujua mahali pa kusema amina, na waliojua walikuwa wamefunga vioo vya gari. Akamaliza, akashika koleo.

Baadaye, wakinawa mikono kwenye beseni moja, Masatu alimtazama. Kejeli ilikuwa imemtoka usoni.

"Na wewe tutakulazaje?"

Fred akakung'uta maji mikononi. Huko barabarani gari likapiga honi mara mbili, likangoja, likapiga tena. Bhoke alileta kigoda, akakiweka kando ya udongo mbichi, akaondoka bila kusema ni cha nani.

Fred alikigeuza kidogo, kikaelekea kule uso wa Mugeta ulikoelekezwa, akakaa.