Siku Dufie Alipohudhuria Msiba Wake

Simu ya Dufie Amponsem ilitumbukia kwenye karai la kuoshea nywele siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, na kufikia Ijumaa ya wiki ileile mwenyewe alikuwa ameshafariki dunia.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa ususi katika saluni moja ya Techiman, na hakuwahi kukaa hata nusu siku bila kuweka video mtandaoni. Kila asubuhi aliwasalimu wafuasi wake mia tatu na kumi na wawili kabla hajamsalimu mama yake. Basi siku nne zilipopita kimya, simu ikiwa imezikwa kwenye mchele kwa fundi ili ikauke, mfuasi mmoja akauliza kama huyu dada ni mzima. Mwingine akajibu kwamba amesikia si mzima. Wa tatu akaweka picha ya mshumaa, na baada ya mshumaa hakuna aliyeuliza tena. Wakaitazama upya video yake ya mwisho, ambamo alifundisha kusuka twende kilioni, wakaona wazi kwamba maskini alikuwa akiaga.

Simu ilipopona, Dufie alikuta amefungiwa asiandike kwenye ukurasa wake, na juu ya jina lake pameandikwa "Tunamkumbuka". Akawaandikia wenye mtandao kuwa yuko hai. Wakamjibu kwa upole mwingi kwamba wanampa pole kwa msiba, ila kwa usalama wa marehemu hawaruhusu mtu mwingine kutumia jina lake. Kama ni ndugu wa karibu, atume cheti cha kifo.

Alikasirika kama saa moja hivi. Kisha akaanza kusoma yaliyoandikwa chini ya picha zake. Wafuasi walikuwa wamefika elfu kumi na moja. Wanawake asiowajua walisema aliwasuka siku za harusi zao. Msichana aliyesoma naye, ambaye hawakuwa wakisalimiana tangu wagombane juu ya wanja, alijirekodi akilia mpaka makamasi yakamtoka. Dufie akasoma, akasoma, mwishowe akalia na yeye. Hakujua kuwa alikuwa mwema kiasi kile.

"Marehemu," mama yake akamwita kutoka uani, "vyombo vinakungoja."

Mama yake, Birago, alikuwa muuza fufu, ule ugali wa muhogo wa kutwangwa, na hakuwa na muda wa kufiwa. Lakini vijana wa mtandaoni walishatangaza kikao cha kutimiza wiki moja tangu kifo, kwenye uwanja wa shule, wote wavae nyekundu na nyeusi. Habari hiyo ilimfikia mjomba Baffour, mkuu wa ukoo, akachukia sana. Hakuchukizwa na uongo. Alichukizwa kwamba watu baki wanapanga msiba wa ukoo wake bila hata kumpigia hodi. Akajifunga shuka lake jeusi la msiba, akaenda kuwakomesha. Alirudi jioni akiwa mwenyekiti wa kamati.

"Mjomba, si uliwaambia kwamba niko hai?" Dufie akamuuliza.

"Nilitaka kuwaambia, mwanangu. Lakini maturubai yameshafungwa, na kuna wageni wanatoka Tamale huko. Utawaambia nini watu waliosafiri? Vumilia Jumamosi moja tu."

Jumamosi Dufie alikwenda. Langoni alikaa msichana mwenye orodha, akamuuliza jina. Dufie akalitaja. Msichana akapitisha kidole kwenye karatasi, akasema kwa masikitiko kuwa marehemu hayumo kwenye orodha ya wageni, labda aandikwe kama ndugu. Akaandikwa ndugu, akapelekwa kiti cha nyuma kabisa, kwa sababu mbele walikaa marafiki wa karibu.

Jukwaani palisimamishwa picha yake, kubwa kuliko mlango. Ilikuwa ile aliyoilainisha sana kwenye simu, pua imechongwa, ngozi inang'aa kama sahani ya kauri. Mama mmoja aliyekaa jirani naye akamtazama, akaitazama picha, akamwambia kwamba wanafanana kwa mbali, ila marehemu alijaliwa zaidi. Dufie akakubali. Ile pua alihangaika nayo dakika arobaini.

Wasemaji walipofika wa sita, na huyo wa sita akasema marehemu ndiye aliyemlipia ada ya chuo, uvumilivu ukamwisha. Akapita katikati ya viti, akachukua kipaza sauti.

"Mimi ndiye Dufie," akasema. "Sijafa. Simu yangu ililowa."

Simu kama mia mbili zikainuka kumrekodi. Mshereheshaji akamshika bega taratibu, akawaeleza watu kuwa huzuni ina namna nyingi, wamwombee dada huyu. Watu wakamwombea. Dufie akamgeukia mjomba wake pale meza kuu, na mjomba akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Ndipo akasimama msichana mwembamba aliyefika asubuhi hiyo kwa basi kutoka Tamale. Aliitwa Wunpini. Kila jioni alikuwa akijifunza kusuka kwa kutazama zile video, na sura ya Dufie hakuwahi kuijali. Alijali mikono. Akasogea jukwaani, akaushika mkono wa kulia wa Dufie, akaugeuza.

"Hili kovu la chanuo la moto nalijua," akasema. "Huyu ndiye yeye."

Hapo mambo yakaharibika. Wengine walisema ametapeli machozi yao. Aliyelipiwa ada akatokomea. Mjomba Baffour alitangaza kwamba kwa kuwa wali wa jolofu umeshaiva, chakula kitaliwa kwanza na suala la uhai litajadiliwa baadaye. Wakala. Halikujadiliwa. Kufikia jioni mtandaoni Dufie alishaitwa mwizi, mchawi, na mtu wa kukodiwa, huku ukurasa wa marehemu ukifikisha wafuasi elfu arobaini.

Wunpini aliachwa na basi, akalala kwa kina Dufie. Birago akampa fufu ya watu wawili na kumuuliza habari za mama yake. Asubuhi Dufie akamkalisha kwenye kigoda, akamfundisha kugawa nywele kwa mkia wa chanuo, jambo ambalo kwenye video halikuwa likionekana vizuri. Wunpini aliuliza maswali mengi. Simu ilikaa dirishani ikilia, na mara mbili Dufie alitaka kuinuka, lakini vidole vilikuwa vimejaa mafuta.

Jumatatu mteja mmoja aliingia saluni, akaomba asukwe kama alivyokuwa akisuka marehemu Dufie. Dufie alimsuka kwa saa tatu. Mteja akajitazama kwenye kioo, akageuza shingo huku na huku, akasema amejitahidi, ila mkono wa marehemu ulikuwa mwepesi zaidi.

"Ni kweli," Dufie akasema, akamkung'uta mabega kwa taulo, na kumwita anayefuata.