Shemasi Alisema Imelala

Jumatatu asubuhi Shemasi Lwaboshi aliingia kibandani kwangu, ninapotengeneza kompyuta hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, akaweka kompyuta mezani, akavua kofia.

"Ya binti Annuarite," alisema. "Imelala."

"Tangu lini?"

"Jana jioni."

Nikasema pole. Kwa Lwaboshi na watu wake wa Fizi hakuna mtu anayekufa. Mtu analala. Miaka kumi na moja ninakaa naye benchi moja kanisani, na kila tangazo la msiba ni hilo hilo: mama fulani amelala. Tena siku hiyo uso wake ulikuwa wa msiba kweli. Nilibonyeza kitufe mara moja, taa haikuwaka. Sikuijaribu hata na chaja. Nilifungua, nikatoa kipande kimoja cha kumbukumbu kati ya viwili, kile ambacho mafundi tunakiita akili ya kompyuta, nikampelekea Noël, mwenye mashine ya kuchapa kule mtaa wa Mchesi mjini, ambaye alikuwa amekisubiri wiki mbili. Fundi akipewa maiti huchukua viungo. Nilipaswa kumwuliza mwenye mali. Sikumwuliza.

Jumanne Annuarite alikuja mwenyewe, macho mekundu, na Lwaboshi nyuma yake.

"Papa Zihindula, mashini imejaa moto?"

"Moto gani? Pole, binti. Ile ilikufa."

"Nani alisema ilikufa?"

Nikamwonyesha shemasi kwa kidole.

"Mi?" Lwaboshi aliruka. "Mi nilisema imelala!"

"Njo vile, imelala," Annuarite alisema. "Mi niliilaza juzi jioni, sola ilikuwa inaisha. Nilimutuma shemasi alete hapa muijaze moto na chaja, juu mi nilikuwa hospitali na mama. Papa, mlitaka kuzika mutu mwenye kupumua?"

Hapo ndipo nilipojua kisa chote. Annuarite na mama yake walikuwa wanaandika rufaa. Ombi lao la ukimbizi lilikuwa limekataliwa, na mwisho wa kupeleka rufaa kwenye ofisi za serikali, Capital Hill, ulikuwa kesho yake, Jumatano, saa kumi. Siku tisa mama yake, Ernestine, alikuwa anasimulia yaliyowapata: majina, tarehe, mito waliyovuka. Annuarite alikuwa anaandika. Jumapili usiku, baada ya kompyuta kulazwa, mama alipooza upande mmoja na ulimi ukafunga. Yote aliyoyajua yalikuwa ndani ya kompyuta ile.

"Ulihifadhi?" nilimwuliza.

"Nilikuwa naiambia ilale. Mwalimu alisema ukiilaza, haipotezi kitu."

Mwalimu hakukosea. Kompyuta ikilazwa hivyo, kila kilichokuwa wazi huandikwa kwenye diski, kisha umeme hukatika kabisa. Ukiiwasha, kiini cha mfumo, kile kinachoamka kabla ya vingine vyote, husoma maandishi hayo na kurudisha kila kitu mahali pake. Ila kina tabia moja mbaya: kikishaanza kusoma, kinafuta alama inayosema kuna kitu cha kusoma. Ukikosea mara moja, umepoteza.

Kwa hiyo kwanza nilinakili diski nzima. Saa nne zilipita. Hilo ndilo jambo pekee la akili nililofanya wiki ile.

Kisha niliichomeka chaja, nikaiwasha na kipande kimoja kilichobaki. Kiini kilikataa: kumbukumbu haitoshi. Nikarudisha nakala. Kwangu kulikuwa na kipande cha giga nane, na nilichotoa kilikuwa cha giga nne. Nikafikiri, kuzidi si kosa. Nikakiweka. Hesabu ya asilimia ilipanda mpaka mia, kisha skrini ikajaa maandishi meupe na kuganda.

Shule niliiacha darasa la sita, Bukavu, na Kiingereza changu ni cha kwenye skrini tu. Nilisoma mistari ile mmoja mmoja, nikiandika maneno kwenye karatasi. Mstari mmoja ulisema ramani ya kumbukumbu siyo ile ya wakati wa kulala. Ni kama mtu aliyeondoka nyumbani, akarudi akakuta vyumba vimehamishwa: anaingia jikoni akidhani ni kitandani. Zaidi ilikuwa kosa sawa na pungufu. Na kipande cha giga nne cha aina ile ya zamani, kambi nzima, kilikuwa kimoja, na nilikuwa nimekitoa mimi.

Nilimwambia Annuarite hivyo hivyo, bila kupamba. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumatano saa saba mimi na Annuarite tulikuwa Mchesi. Noël anachapa picha za vitambulisho, na watu watano walikuwa wamepanga foleni.

"Jumatatu ulinipa akili," alisema, "leo unakuja kuikamata? We ni Mungu?"

"Nakupa giga nane kwa nne. Utakuwa na akili mara mbili."

"Mutu hapewi bure mara mbili. Iko na shida gani?"

"Mama wa huyu mutoto hawezi kusema. Maneno yake iko mule."

Noël alimwangalia Annuarite, akazima mashine yake mbele ya wateja, akachomoa kile kipande, akaweka changu. Mmoja alisonya.

Nilirudisha kipande mahali pake, nikarudisha nakala ya mwisho, nikawasha. Hesabu ilipanda. Mia. Skrini ikawa nyeusi. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ningeweza kulala pale pale nimesimama, kwa maana yoyote ya neno.

Ukurasa ukatokea.

Annuarite alinyoosha mkono kwenye vitufe.

"Usiguse!"

Niligusa mimi. Havikufanya kazi. Mfumo ulikuwa umeamka, vitufe vimebaki usingizini. Nikachomoa kipanya cha Noël, nikakichomeka kwenye ya Annuarite.

"Hata panya?" alisema Noël.

Kipanya kilisogea. Nilihifadhi kwenye flashi mara tatu, tukahamia kwenye mashine ya Noël na akili yake mpya. Kurasa thelathini na moja. Annuarite aliusoma wa mwisho mashine ikichapa. Uliishia hivi: *Tulivuka mto mara ya tatu, na*.

"Hapo sola ilikuwa inaisha," alisema. "Mama akasema tutamalizia kesho."

"Weka nukta," Noël alisema. "Vitufe vyangu vinafanya kazi."

"Mi sijui ni nini ilifuata. Siwezi weka nukta ya mutu mwingine."

Kule Capital Hill, karani alihesabu kurasa, akafika mwisho, akageuza karatasi kuangalia nyuma yake.

"Inaendelea wapi?"

"Mwenye kuendelea iko hospitali," Annuarite alisema. "Hawezi kusema."

Karani alimtazama, kisha akanitazama mimi, kama vile mimi ndiye mwenye jibu. Akavuta muhuri, akatafuta mahali penye nafasi, akaugonga mara tu baada ya ile "na". Ilikuwa saa kumi kasoro dakika saba.