Neno Lililotangazwa Jumuiyani

Kila jioni, akishaosha miguu mchanga wa ufukweni na kuepua ugali, Vitalia aliegemeza simu yake kwenye kopo la sukari, akangoja kubipiwa. Mlio mmoja, kisha kimya. Maana yake ni kwamba kule juu Mbinga baba yake, Mzee Hyasinti, ameshakaa kwenye kiti chake na kidole kiko juu ya rimoti. Hapo Vitalia naye, huku Mbamba Bay, alibonyeza. Ndivyo walivyoangalia tamthilia moja kwa wakati mmoja, baba mlimani na binti ziwani, na ilipoisha walipigiana simu kubishana. Vitalia alimhurumia mkamwana. Mzee alimtetea mama mkwe. Alishikilia kwamba yule mama ni mkali kwa sababu nyumba nzima hakuna anayemsikiliza.

Jioni hiyo simu ililia mara moja, ikanyamaza. Vitalia akabonyeza. Badala ya muziki wa mwanzo, yalitokea maandishi meupe kwenye kioo cheusi kwamba watu wengi mno wanaitumia akaunti hii kwa sasa.

Alidhani ni mtandao. Akafunga, akafungua tena, yakaja maandishi yaleyale. Akarudi kwenye ukurasa wa mwanzo, ambao hakuwa ameutazama tangu Krismasi, pale ambapo kila mtumiaji ana kikatuni chake na jina lake. Wakati ule walikuwa wawili tu, Vitalia na Baba. Sasa kulikuwa na Mama Asteria. Kulikuwa na Nazari Fundi. Na pembeni kabisa, chini ya kikatuni cha pengwini, pameandikwa Kwaya.

Ugali ulipoa mezani. Alimpigia baba yake, akamwamkia, akamuuliza hali ya mguu, kisha akauliza alichotaka kuuliza.

"Baba, Kwaya ni nani?"

"Ni kwaya, mama. Hasa wale wa sauti ya pili."

Mzee alikuwa na namna yake ya kukohoa anapotafuta njia ya kutokea. Alikohoa. Alisema amewagawia majirani kidogo. Vitalia alipouliza kidogo kiasi gani, akasema ni jumuiya. Na alipouliza jumuiya nzima imelipataje neno la siri, mzee alikohoa tena.

"Nilitangaza," alisema hatimaye.

Jumuiya yao ilikutana kila Jumamosi, leo nyumba hii, wiki ijayo ile. Husomwa Injili, huombwa, na mwisho kabisa huja matangazo: fulani amelazwa, zamu ya kufagia kanisa ni ya fulani, fulani anachimba ngoro zake, yale mashimo ya kulimia, kwenye mteremko na anaomba mikono. Katika matangazo hayo ndipo Mzee Hyasinti aliposimama, akavua kofia, akasema neno la runinga yake ni Gaudiosa, na herufi ya kwanza iwe kubwa.

Gaudiosa lilikuwa jina la marehemu mama yake Vitalia. Ni Vitalia mwenyewe aliyelichagua, ili baba yake asije akalisahau.

Alilala akiwa amekasirika, jambo lisilo la kawaida yake. Vitalia hakuwa mtu wa kugombana. Pale gatini, alikofanya kazi ya ukarani, abiria wa meli akimsemea vibaya yeye ndiye aliyeomba samahani. Lakini saa ile ya jioni ilikuwa yake na baba yake. Tangu mama afariki hawakuwa na nyingine. Asubuhi yake wenye huduma wakaleta ujumbe kwamba akaunti ni ya watu wa familia moja tu, na hali ikiendelea hivyo wataifunga. Akakata shauri. Neno litabadilishwa.

Angeweza kulibadilisha kwa simu, akiwa amekaa palepale kwenye kigoda. Mzee ndiye aliyemsihi asifanye hivyo akiwa mbali. Watu watabonyeza, watakataliwa, watasema Hyasinti amewafungia mlango bila kuaga. Basi Vitalia akasema atakuja mwenyewe, na Ijumaa akapanda gari la Mbinga.

Alipofika nyumbani, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa dishi. Lilikuwa limelala chali nyuma ya jiko, limejaa maharage yaliyoanikwa. Krismasi iliyopita ni yeye aliyemshawishi baba yake aachane na king'amuzi. Kilikuwa kinakata katikati ya mechi kila kifurushi kilipoisha, na watu waliojaa sebuleni wakiguna pamoja kama waliofiwa. Vitalia alileta runinga mpya na kisanduku cha intaneti, akamwita Nazari, fundi wa mtaa, apande juu ya bati alifungue dishi. Mzee alishika ngazi. Alipoona Vitalia akiandika lile neno kwenye runinga, herufi moja moja kwa rimoti, aliuliza kama runinga haifunguki bila hilo. Vitalia, akiwa na haraka ya kuwahi gari, alijibu kwamba haifunguki.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Umekonda. Huko ziwani hawakupi maharage?"

Sebule ilikuwa safi, na kiti cha mzee kilikuwa mahali pake. Lakini yale mabenchi mawili ya ukutani, ambayo tangu enzi za mama yalikaliwa na watu kila jioni, kwa taarifa ya habari, kwa mpira, kwa kisingizio chochote kile, huku togwa ikizunguka kwa kikombe kimoja, yalikuwa yamepangwa magunia ya kahawa mpaka karibu na dirisha. Vitalia aliuliza kama stoo imevuja. Mzee alisema stoo haijavuja. Nafasi ipo, basi anaitumia.

Waliongea wakila. Vitalia alieleza polepole, kama alivyojizoesha njiani: akaunti ni ya familia moja, wakiendelea itafungwa, na jioni ile yeye binti yake mwenyewe alikataliwa kuingia. Mzee alisikiliza, akasafisha vidole.

"Jirani akija na kigae kuomba moto, unampa," alisema. "Moto wako haupungui."

"Huu unapungua, Baba."

Mzee alicheka kidogo kwa sababu jibu lilimpendeza, kisha akakaza uso. Alisema kitu kikishatoka mkononi kwa heri hakirudishwi. Baba yake hakufanya hivyo, na yeye hataanza uzeeni. Vitalia akamwambia basi atawaambia yeye. Mzee alimwona tena yule mtoto ambaye alikuwa akijificha nyuma ya khanga ya mama yake wageni wakibisha hodi.

"Utaweza?"

"Nitaweza."

"Kesho jumuiya iko hapa. Kinywa changu mimi hakitasema. Ukisema wewe, sema."

Jioni ile waliangalia tamthilia pamoja, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi katika chumba kimoja. Vitalia alikuwa ameingoja saa hiyo njia nzima. Lakini mzee hakubisha. Mama mkwe alimmwagia mkamwana maji ya moto miguuni na mzee hakumtetea. Kila nyayo zilipopita barabarani aligeuza uso kuelekea mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, na baridi ya Mbinga ilikuwa ikiingia. Vitalia aliinuka kuufunga, akaambiwa auache. Kutoka nyumba ya jirani ulisikika muziki uleule, umechelewa kidogo, kama mwangwi. Alikuwa Mama Asteria, anaangalia kwenye simu yake jikoni.

"Huyo hapo," mzee alisema. "Zamani alikuwa anakaa pale ulipokaa wewe."

Vitalia alipunguza sauti ya runinga. Alikuwa amezoea kudhani kwamba saa ile moja ya simu ilimtosha baba yake kwa vile ilimtosha yeye. Hakurudi nyuma, hata hivyo. Asubuhi alilibadilisha neno, akaandika jipya ambalo hakumwambia mtu, na mchana akajifungia chumbani kujifunza sentensi zake.

Jumamosi jioni walitoa magunia, wakafuta mabenchi, wakatandika meza kitambaa cheupe. Watu walianza kuingia. Mama Asteria, mwenyekiti wa jumuiya, aliingia na rozari na utani, akamwambia Vitalia kwamba ziwa limemfanya mweusi akapendeza. Nazari alikuja na spana bado iko mfukoni. Wale wa sauti ya pili walikaa pamoja, kama kawaida yao. Sebule ilijaa mpaka wengine wakakaa mlangoni. Vitalia aliona baba yake akipita katikati yao na jagi la togwa, anaulizia watoto, anaulizia ng'ombe, na mguu unaomsumbua hausumbui tena.

Injili ilisomwa. Waliomba. Matangazo yakafika: zamu ya kufagia, michango ya msiba, mazoezi ya kwaya. Mama Asteria akauliza kama kuna jingine.

Vitalia alisimama. Aliwaamkia wakubwa wote kwa pamoja, akashukuru, na kisha sentensi zote alizojifunza zikampotea, zikabaki mbili. Alisema lile neno la siri halifanyi kazi tena tangu leo. Alisema si baba aliyelibadilisha, ni yeye, na kosa kama lipo ni lake.

Ikazuka minong'ono. Mwanamama mmoja wa kwaya alisema kwa uchungu wa kweli kwamba jana mkamwana amemwagiwa maji ya moto, sasa watajuaje kama amepona. Watu wakacheka. Nazari hakucheka sana.

"Huyu amekaa mno na Wanyasa wa ziwani," alisema. "Kule samaki mkubwa analiwa mlango umefungwa."

Zamani Vitalia angeinama. Safari hii alimtazama.

"Kule wanakula nje, fundi Nazari, kila apitaye anakaribishwa. Ila wanakula pamoja. Habebi mmoja kichwa mwingine mkia kila mtu kwake."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa, na Nazari mwenyewe aliinua mikono kama aliyefungwa bao. Alikiri kwamba ni yeye aliyegundua neno linafungua hata kwenye simu, kwa vile akaunti iliandikishwa kwa namba ya simu ya Vitalia, na namba hiyo alikuwa nayo tangu siku ya kufungua dishi, na ni yeye aliyewatengenezea wenzake. Hakudhani ni vibaya. Mzee ametangaza mbele ya msalaba, nani angekataa zawadi ya mzee?

Mama Asteria alisema basi, mwenye mali akisema imeisha, imeisha. Alimshukuru Mzee Hyasinti kwa niaba ya wote, kwamba amewafaidisha miezi yote hii, Mungu amzidishie. Waliimba wimbo wa kufunga. Watu wakaanza kutafuta kandambili zao mlangoni, wakiombana radhi kwa kukanyagana, na benchi la kwanza likabaki tupu.

Vitalia alikusanya vikombe. Alikuwa amefanya alichokuja kukifanya, na hakuona furaha yoyote. Alimtafuta baba yake kwa macho. Mzee alikuwa amesimama kando ya runinga, kofia mkononi, anaizungusha kama alivyoizungusha siku walipomzika mama.

"Mwenyekiti," mzee alisema. "Nina tangazo."

Mama Asteria, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi, alisema matangazo yamekwisha, Mzee, labda wiki ijayo.

"Hili nilishalitangaza. Nililitangaza vibaya."

Waliokuwa nje walirudi hadi kizingitini. Mzee alilitazama benchi tupu, si watu.

"Wakati ule nilikuwa na palizi kule ngoro za juu, narudi giza linaingia. Nikawaza mtafika, mtakuta sipo, runinga itawauliza neno, mtashindwa kuifungua, mtarudi makwenu. Nikawapa neno ili mwingie. Mfungue wenyewe, mkae, mnywe togwa. Nilipoona mmeondoka nalo, niliona aibu kusema sivyo, kwa sababu nilikuwa nimeshatoa."

Nazari alikuwa ameinamisha kichwa. Vitalia alisimama na vikombe vyake, akauona mlango ulioachwa wazi kila jioni, na safari hii akajua kwa nini.

"Sikuwa nagawa filamu," Mzee Hyasinti alisema. "Nilikuwa nawaalika. Gaudiosa aliondoka, nanyi mkaacha kuja; narudi nyumba hii hakuna mtu. Njooni. Kila jioni, hata kama hakuna cha kuangalia. Nikitoka shamba, nataka nikute watu."