Ukuta wa Wifi Mkubwa

Haya, sogea nikutegee, na ukishindwa mji wako kaa nao, mimi sina pa kuuweka. Yuko mmoja, ukimwita kwa jina lake anafukuzwa mlangoni. Ukimbandika jina la kuazima anakaribishwa sebuleni, na sura ni ileile. Nani huyo?

Fikiri huku nakusimulia.

Palikuwa na mama mmoja, kazi yake kuchanganya rangi za nyumba katika duka la vifaa vya ujenzi. Watu walimwita Mama Kopo, naye hakununa, maana makopo ndiyo yaliyomsomeshea watoto. Mteja alikuja na kifungo, kipande cha pazia, hata ganda la ndizi, akasema, "Nataka kama hii." Mama Kopo alikoroga kwa kijiti, akapaka tone juu ya kitu chenyewe, akalikausha kwa mashine ya kukaushia nywele. Tone likionekana, bado. Tone likipotea, ukalitafuta kwa macho usilione, hapo kazi imekwisha.

Na kila rangi aliipa jina mwenyewe, kwa sababu namba za kiwandani hakuna azikumbukaye. Nyekundu iliyochujuka aliiita Pua ya Mafua. Kijivu, Panya Kashiba. Nyeupe yenye ukijani kwa mbali aliiita Mgonjwa Hajambo, ikakaa rafuni mwaka mzima. Siku aliyobadilisha akaandika Asubuhi Njema, wateja waliigombania.

Sasa, mama huyu alikuwa na donge moyoni, na donge lenyewe lilikuwa na miaka ishirini na miwili. Siku alipoingia kwa mumewe, bibi harusi hajakaa hata kitini, wifi yake mkubwa alisimama mlangoni na trei ya glasi, akamtazama toka paji la uso mpaka kifundo cha mguu. Kisha akamgeukia bwana harusi.

"Mdogo wangu, umetuletea rangi gani hii?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Shangazi mmoja alicheka mpaka akapaliwa. Na bwana harusi? Aliinamia viatu vyake kama ndiyo kwanza anaviona.

Mama Kopo alikunywa juisi yake akameza na swali. Akamwogesha mama mkwe alipougua, akaosha vyombo vyao kwenye kila shughuli, akamchekea wifi kila walipokutana. Lakini swali lile lilibaki pale kama msumari ukutani usiotundikwa kitu.

Basi asubuhi moja wifi akatokea dukani anahema.

"Wifi yangu, niokoe! Wakwe wa binti yangu wanakuja Jumapili, na ukuta wa nyuma ya makochi unaniaibisha. Nipe rangi ya watu wazito."

"Hii je? Maziwa ya Moto."

"Naona utando tu."

"Mchanga Mkavu?"

"Mchanga ninao uani, wa bure."

"Krimu basi."

"Krimu kila mtu anayo, wifi, hata wapangaji."

Zikakataliwa tisa. Mama Kopo alikuwa anafunga kopo la tisa alipouona mkono wake mwenyewe juu ya mfuniko.

"Kuna kahawia moja, ya giza giza," akasema polepole.

"Kahawia!" Wifi nusura ateme mate. "Ya mlango wa choo hiyo! Unanitakia nini wewe?"

"Basi pitia kesho. Kuna kitu sikiweki mbele ya kila mtu."

Alipoondoka, Mama Kopo akaingia stoo, akapandisha mkono wa gauni. Nyeusi, nyekundu, njano kidogo, bluu ya ncha ya kijiti. Akapaka tone juu ya mkono wake, akalikausha. Limekolea mno, akafuta. Akarudia. Mara ya saba tone likapotea. Alilitafuta dirishani kwenye mwanga, hakuliona, akacheka peke yake kicheko kilichomfanya mwenye duka achungulie.

"Kulikoni humu?"

"Rangi imekubali, bosi."

Akachanganya kopo zima, na akatia ile dawa ya kuifanya isitoke hata kwa brashi na sabuni. Wifi aje ajute siku moja, asugue mpaka viganja viote sugu.

Kesho yake akafungua mfuniko. "Hii inaitwa Kiti cha Malkia."

Ilikuwa kahawia ileile ya mlango wa choo. Wifi akashika kifua. "Mama yangu! Na jana ulikuwa unanificha!"

"Nilikuwa nakupima, wifi."

"Usimuuzie mwingine, tafadhali."

"Mwingine ataiweza wapi?"

Jumapili ikafika, saa nane mchana, jua limejaa dirishani. Mama wa bwana harusi mtarajiwa, mwanamke wa miwani na maneno machache, hakukaa. Alikwenda moja kwa moja ukutani akaupapasa.

"Hii ni nzuri sana. Inaitwaje?"

"Kiti cha Malkia," wifi akajibu, sauti imepanda puani. "Nakwambia ukweli, mkwe wangu, katika nyumba hii haijawahi kuingia rangi nzuri kama hii."

Mama Kopo, aliyealikwa pamoja na mumewe, aliweka glasi yake chini. Siku nne alikuwa ananoa maneno, ameyapanga yote kwenye ulimi. Alipoinuka, akaona hayahitaji. Akapandisha mkono wa gauni, akaulaza mkono wake ukutani. Mkono ukapotea. Ikabaki bangili peke yake, kama imetundikwa.

Mgeni akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Jamani! Kumbe ni wewe?"

Wifi aliutazama mkono, akautazama ukuta, ukuta mzima, toka dari mpaka sakafu. Kisha akamgeukia mdogo wake kutafuta wa kumwokoa.

"Mdogo wangu, sema basi! Mkeo ananifanyia nini mbele ya wageni?"

Mama Kopo naye akamtazama mumewe. Kopo lile hakulichanganya kwa ajili ya wifi peke yake. Nusu lilikuwa la huyu. Hakuutoa mkono ukutani. Akangoja.

Mume akainamia viatu vyake. Viatu vilikuwa vingine. Macho yalikuwa yaleyale. Akaiweka glasi mezani. Kisha akainua kichwa.

"Dada," akasema, "siku ile mlangoni, umeshika trei, uliniuliza nimewaletea rangi gani. Ndiyo hiyo. Hiyo uliyojisifia sasa hivi."