Mama Alipogeuka Kiti cha Gari

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeegesha gari kando ya mfereji, kwenye mashamba ya mpunga ya Kihurio, nasubiri kuwapiga picha kweleakwelea. Mama alikuwa ameketi kushoto kwangu, amejifunga kanga mbili, anayatazama yale mashamba kama mwenye mali.

Ujana wake wote mama aliumalizia hapo akiamia ndege hao wasile mpunga. Alikuwa anashinda juu ya dungu, kile kichanja cha miti, anapiga kelele mpaka jua linazama. Kumkalisha mtu kama huyo mbele ya kweleakwelea ukamwambia anyamaze ni kumtesa, lakini ndicho nilichofanya. Nilimweleza kwamba ndege hawaogopi gari, wanamwogopa mtu. Ukizima injini ukatulia, wewe si mtu tena, ni gari.

"Na mimi pia ni gari?" akauliza.

"Wewe pia, mama. Usitikisike tu."

Akakubali bila ubishi, jambo ambalo lingetosha kunijulisha kuwa naota.

Nikaegemeza kamera kwenye mfuko wa mchele dirishani, maana mchele huishika isicheze. Mchele ukalalamika. Ulisema umepandwa kwa taabu, umekobolewa, umepepetwa, na haukuja duniani kuwa mto wa kamera. Nikauomba radhi, tukaendelea.

Yangeyange mmoja, ndege mweupe mwenye miguu mirefu, anakuja, anagonga mlango kwa mdomo. Amevaa beji ya kamati ya mapokezi. Anataka kujua kama humu ndani kuna mtu.

"Hakuna," nasema.

"Sawa," anasema yangeyange. "Hicho kiti chako cha kushoto kimevalishwa kanga nzuri."

Nageuka. Miguu ya mama haipo. Kuanzia kiunoni kwenda chini mama ni kiti, sponji na kitambaa cha kijivu, na mkanda wa gari umeota begani kwake. Namuuliza anajisikiaje. Ananong'ona kwamba hajambo, tena mgongo umeacha kumuuma.

Mfereji haupo tena. Gari liko juu ya dungu, na dungu liko katikati ya ukumbi wa harusi. Kweleakwelea wamejaa kwenye viti vya plastiki, wanakula mpunga kwa adabu. Yangeyange anashika kipaza sauti, anatangaza kwamba leo wageni wote watapaa kwa pamoja, jua likiwa nyuma yao, ili lile gari lipate picha. Sharti ni moja: asionekane mtu ndani yake. Akionekana, hawatarudi Kihurio.

Moyo unanidunda kwa tamaa. Hiyo ndiyo picha ninayoitafuta tangu ninunue kamera, na kidole changu kiko tayari. Pembeni yangu mama amebaki kichwa na mkono mmoja, na kichwa chenyewe kinaanza kuwa cha kuegemea. Anatazama mpunga unavyoliwa, midomo ameibana, machozi yanamlengalenga.

Hapo naogopa kweli. Kamera ninayo moja na mama ninaye mmoja, lakini kamera zinauzwa dukani.

"Mama," nasema, "wafukuze."

"Nitakuharibia picha, mwanangu."

"Wafukuze tu."

Mama anavuta pumzi mpaka sponji inatanuka. Kisha anaachia sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa mtoto: swaaa, swaaa, tokeni hapo, wezi wakubwa nyie. Ukumbi mzima unapaa. Kundi linafunika jua, linajikunja, linafunguka, kama shuka linalokung'utwa. Viti vya plastiki navyo vinapaa, kwa kuiga tu.

Yangeyange anabaki peke yake na kipaza sauti. Anasema amesikitika, kumbe ndani ya gari mlikuwa na watu, na kwa hiyo Kihurio hawarudi tena. Mama anamjibu kwamba hilo amelitaka tangu akiwa binti. Anacheka, anapiga makofi, miguu imerudi na anaikanyagisha kwenye sakafu ya gari kwa fujo. Namshika mkono wake na una joto. Nina furaha isiyo na mfano. Kamera inaniuliza mbona hatupigi, kundi ndilo hilo linaishia. Naijibu kwamba mikono yangu yote ina kazi.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshatoka na jikoni kulinukia tangawizi. Nikamkuta mama anachemsha maji, nikampa shikamoo. Marahaba aliyoitikia ilikuwa mkwaruzo mtupu. Alisema koo linamuuma tangu alipofumbua macho, sauti imempotea kabisa. Nikamuuliza amelalaje.

Akanywa funda moja, akanitazama kwa huruma.

"Hata ndege mmoja hukumpata?" akauliza.